Kinyota cha 1999, ile alama ya shaka pembeni ya taji: ubingwa wa San Antonio ni halali au ni wa nusu msimu?

Swali: "Shikamoo kocha. Hapa kijiweni Tanga tunabishana wiki ya pili sasa. Mimi nasema ubingwa wa 1999 wa NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, ule wa San Antonio Spurs, ni wa nusu msimu. Wachezaji waligoma, zikachezwa mechi 50 badala ya 82, na Michael Jordan, nyota wa Chicago Bulls, hakuwepo. Mwenzangu anasema ubingwa ni ubingwa, tena anakataa hata hilo la mgomo. Tumewekeana kreti mbili za soda, moja ya uhalali na moja ya mgomo. Tuamulie, na utueleze ilikuwaje."

Marahaba, na salamu zangu kwa kijiwe chote. Naanza na kreti ya mgomo, maana ukikosea hapo hesabu yote inayofuata inapinda.

Wachezaji hawakugoma. Tarehe 1 Julai 1998 wamiliki wa timu 29 za NBA ndio waliofunga milango. Mgomo ni fundi kuweka nyundo chini. Hii ilikuwa tajiri kufunga karakana, kutia ufunguo mfukoni na kuwaambia mafundi wakae nje mpaka wakubali malipo mengine. Hata sheria yetu ya ajira Tanzania inataja mgomo na kufungiwa nje kama mambo mawili mbalimbali. Kwa miezi sita na ushee mchezaji wa NBA hakuruhusiwa kukanyaga ukumbi wa mazoezi wa timu yake, hakuweza kusaini mkataba, wala kukaa na kocha wake wakazungumza mpira. Lakini televisheni zilikuwa zikionyesha watu warefu waliovaa suti wakitoka kwenye vikao vya New York bila mapatano, na mtazamaji akimwona tajiri hafanyi kazi anasema kagoma. Neno likaganda hivyo hadi leo, na wewe umelirithi.

Walifunga kwa nini? Mkataba wa hali bora kati ya ligi na chama cha wachezaji, ule wa 1995, ulikuwa na kipengele cha kuwapa wamiliki haki ya kuufungua upya kama fungu la wachezaji lingepita asilimia 51.8 ya mapato yanayotokana na mpira wenyewe. Kufikia 1998 fungu hilo lilikuwa limefika karibu asilimia 57. Machi mwaka huo wamiliki wakapiga kura 27 kwa 2 kuufungua. Walidai timu nyingi zinakula hasara.

Nyuma ya asilimia hizo kulikuwa na jina la mtu. Oktoba 1997 Minnesota Timberwolves walimsainisha Kevin Garnett, kijana wa miaka 21 aliyeingia NBA moja kwa moja kutoka sekondari, mkataba wa miaka sita kwa dola milioni 126. Fedha hizo zilizidi zile ambazo mmiliki wa Minnesota alitoa kuinunua timu nzima miaka michache nyuma. Wamiliki wenzake walishika vichwa. Lakini hakuna mchezaji aliyemkamata mmiliki mkono akamwandikisha saini kwa nguvu. Walikuwa wakipandishiana bei wenyewe kwa wenyewe, kisha wakataka mtu awafunge mikono, na gharama ya kamba alipe mchezaji. Ndivyo ninavyouona mgogoro ule, na sijabadili mawazo tangu wakati huo.

Upande wa ligi alikuwepo kamishna David Stern na naibu wake Russ Granik. Upande wa chama alikuwepo Billy Hunter, mtendaji mkuu, na rais wa chama, Patrick Ewing, senta (mchezaji mrefu wa karibu na ringi) wa New York Knicks. Mshike Ewing, nitamrudia. Kwenye kamati ya majadiliano alikuwemo pia Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, wakati huo senta wa Atlanta Hawks. Wasomaji wetu wa Kongo wanamkumbuka kwa kile kidole alichokitikisa kila alipozuia mtupo, na kwa hospitali aliyoijenga Kinshasa ikabeba jina la mama yake. Kwamba aliwahi kukaa mezani akibishana asilimia na mawakili wa ligi, hilo wengi hawalijui.

Kikao kimoja cha Oktoba lazima nikisimulie. Michael Jordan alihudhuria. Abe Pollin, mmiliki wa Washington Wizards, akaanza kueleza jinsi ilivyo vigumu kuendesha timu. Jordan akamwambia, kwa maana hiyohiyo, kama huwezi kupata faida, iuze. Chumba kikachemka. Januari 2000, miezi kumi na tano hivi baadaye, Jordan huyohuyo akaingia Washington kama mshirika mdogo katika umiliki na msimamizi wa masuala ya mpira, katika timu ya Pollin huyohuyo. Mwacheni acheke anayetaka kucheka.

Kilichowavunja nguvu wachezaji ni uamuzi wa 19 Oktoba 1998. Zaidi ya 200 kati yao walikuwa na mikataba yenye dhamana, na chama kilidai walipwe hata kama milango imefungwa. Mwamuzi wa migogoro, John Feerick, akasema hawalipwi. (Ni Feerick huyohuyo ambaye mwezi Machi alikuwa amempunguzia adhabu Latrell Sprewell, yule aliyemkaba koo kocha wake P.J. Carlesimo. Sprewell naye atarudi kwenye hadithi hii.) Wamiliki kwa upande wao walikuwa na mkataba mpya wa televisheni na NBC na Turner, dola bilioni 2.64 kwa miaka minne, na fedha zake ziliendelea kuingia hata bila mechi, ingawa zingekuja kufidiwa baadaye. Sasa pima mwenyewe nani angesubiri zaidi, yule ambaye hundi inaingia au yule ambaye imesimama. Desemba wachezaji wakaandaa mechi ya hisani Atlantic City. Mpango wa awali ulikuwa sehemu ya mapato iwasaidie wachezaji walioishiwa. Watu wakapiga kelele, kuna mwalimu gani wa shule angewahurumia? Fedha zikaelekezwa kwenye misaada mingine. Kwa sura mbele ya umma, vita walikuwa wameshaipoteza siku ile.

Mwisho uliwekwa 7 Januari 1999, na baada ya hapo msimu mzima ungefutwa. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Stern na Hunter wakakubaliana, na siku hiyohiyo wachezaji wakapiga kura, 179 wakakubali na 5 wakakataa. Kwa mara ya kwanza mshahara wa mchezaji mmoja ukawekewa dari: dola milioni 9 kwa mwenye chini ya miaka saba kwenye ligi, milioni 11 kwa mwenye saba hadi tisa, milioni 14 kwa mwenye kumi na zaidi. Garnett aliachiwa mkataba wake, lakini mwingine wa aina yake asingeupata tena. Mchezaji anayeanza NBA akabanwa kwenye ngazi maalumu ya mishahara kwa miaka mirefu zaidi. Wale wa kati, wasio nyota wala wasio wa benchi la mwisho, wakafunguliwa mlango mpya wa kusajiliwa hata na timu iliyojaza kikomo chake cha mishahara. Wanaosema pande zote zilishinda waache. Wamiliki walishinda, na wachezaji wa kati walipata kitu mkononi ili nyota wasiwe na jeshi.

Mechi 464 zilikuwa zimeshapotea. Timu 29 kwa mechi 82, ukigawa kwa mbili kwa sababu kila mechi ni ya timu mbili, ni mechi 1,189, na kwa mechi 50 ni 725. Toa uone.

Haya, sasa msimu wenyewe, na hapa ndipo hoja yako ya kreti ya kwanza inapoanza kuvuja.

Unapozungumzia "nusu msimu" unaufanya usikike kama punguzo, kana kwamba Spurs walifanya mtihani wa maswali machache. Angalia kalenda. Mechi ya kwanza ilichezwa 5 Februari, ya mwisho 5 Mei. Mechi 50 ndani ya siku 90 ni mechi moja kila baada ya siku 1.8, wakati msimu wa kawaida huwa ni moja kwa siku mbili au zaidi kidogo. Tofauti inaonekana ndogo kwenye karatasi. Ila kuna siku timu zilipangiwa mechi tatu kwa siku tatu mfululizo, jambo ambalo ligi haikuwa ikilifanya tena katika misimu ya kawaida. Mtu anacheza Jumanne usiku, anapanda ndege, anacheza Jumatano mji mwingine, anapanda ndege, anacheza Alhamisi. Mazoezi hakuna. Kocha anafundishia kwenye korido ya hoteli.

Maandalizi nayo yalikuwa ya kukimbizana. Kambi zilifunguliwa 21 Januari, wiki mbili tu kabla ya mechi ya kwanza, na ndani ya wiki hizohizo ndipo watu walikuwa wakisajiliwa na kubadilishwa. Scottie Pippen alikwenda Houston, Sprewell New York, Steve Kerr San Antonio. Wapo waliokuwa wamejitunza miezi yote sita. Wapo walioingia na vitambi, na sitawataja kwa sababu wanajulikana. Mechi ya nyota wote, iliyopangwa kufanyika Philadelphia, ilifutwa.

Niwape kipimo cha kocha. Mchezaji akichoka mikono, mpira unakwenda pembeni. Akichoka miguu, mpira unafika mfupi, unagonga ringi kwa mbele. Tazama mechi yoyote ya Machi 1999 na uhesabu mipira iliyogonga mbele, utaelewa msimu ule kuliko kwa jedwali lolote. Wastani wa pointi kwa timu kwa mechi ulikuwa 91.6, kutoka 95.6 msimu uliotangulia. Tarehe 10 Aprili Chicago Bulls walifungwa na Miami 82 kwa 49. Ndiyo, pointi 49 katika dakika 48, pungufu kuliko timu yoyote tangu saa ya sekunde 24, muda wa timu kupiga mtupo, ianze kutumika. Mabingwa watetezi hao! Mpira ulikuwa mbaya, sitakuficha. Kabla ya msimu uliofuata ligi ikabana sheria ya mlinzi kumwekea mkono mwenye mpira, na mabao yakarudi.

Lakini ubaya wa mpira ni jambo moja, na wepesi wa kushinda ni jingine. Katika msimu wa namna ile anayeumia ni yule ambaye timu yake ni mpya au imezeeka. Houston walikuwa na Hakeem Olajuwon, Charles Barkley na Pippen kwa pamoja, majina ya kutisha kwenye bango, wakatolewa na Lakers raundi ya kwanza. Lakers wenyewe walimfukuza kocha Del Harris mwezi Februari, na Machi wakamtoa Eddie Jones kwa Charlotte wakampata Glen Rice. Timu inayojengwa upya katikati ya mechi tatu kwa siku tatu haina siku ya kufundishana.

San Antonio nao hawakuanza vizuri. Walishinda 6 wakapoteza 8, na gumzo la mji likawa kocha Gregg Popovich aondoke. Popovich alikuwa meneja mkuu aliyejiteua mwenyewe kuwa kocha mwaka 1996, timu ikamaliza msimu ule kwa ushindi 20 na vipigo 62, kwa hiyo maadui hakuwakosa. Wakaenda Houston mwanzoni mwa Machi wakashinda, na kuanzia hapo hawakushikika. Katika mechi 36 zilizobaki walishinda 31. Wakamaliza 37 kwa 13, sawa na Utah Jazz ya Karl Malone, aliyechaguliwa mchezaji bora wa msimu.

Kilichobadilika ni nini? Wengi watakuambia Tim Duncan, na hawakosei. Kijana wa visiwa vya Virgin, msimu wake wa pili tu, pointi 21.7 na rebaundi (mipira inayodakwa baada ya mtupo kukosa) 11.4 kwa mechi. Lakini mimi namtazama David Robinson. Huyu alikuwa mfalme wa San Antonio kwa karibu miaka kumi, mchezaji bora wa ligi mwaka 1995. Akiwa na miaka 33 akamwachia kijana sehemu yake ya kuombea mpira karibu na ringi, yeye akabaki mlinda mlango. Nimefundisha watu wazima miaka mingi, na sijaona kitu kigumu kuliko kumwambia mfalme ahame kiti kabla hajafa. Robinson alihama, na ukitaka kufunga karibu na ringi ulimpita mmoja ukamkuta mwingine.

Mtoano haukupunguzwa hata mechi moja. Hapa ndipo hoja ya nusu msimu inapokufa kabisa. Raundi ya kwanza ilikuwa ya mshindi wa mechi tatu, nyingine zote za mshindi wa nne, kama ilivyokuwa 1998. Spurs waliwatoa Minnesota ya Garnett 3 kwa 1. Wakawachapa Lakers ya Shaquille O'Neal na Kobe Bryant 4 kwa 0, na ile ya nne ndiyo iliyokuwa mechi ya mwisho ya Lakers kwenye ukumbi wao wa Forum. Wakawachapa Portland 4 kwa 0. Katika mtoano wote walishinda mechi 15 wakapoteza 2. Kama kuna mtu anaita hiyo bahati, aniuzie kidogo.

Mechi ya pili dhidi ya Portland, 31 Mei, ndiyo ninayowaonyesha vijana wangu. Spurs walikuwa wameachwa pointi 18. Zimebaki sekunde 12, wako nyuma 85 kwa 83. Mario Elie anaingiza mpira kutoka pembeni, Stacey Augmon anaruka kuunyaka na kuukosa kwa ncha za vidole. Unamfikia Sean Elliott mkono wa kulia wa uwanja, karibu kabisa na mstari wa pembeni. Anapiga hatua moja kujisawazisha. Visigino viko juu, anasimama kwa vidole vya miguu kwa sababu akishusha visigino atakanyaga mstari na mpira utakuwa si wake tena. Rasheed Wallace anakuja na mkono wake mrefu usoni. Mpira unapita juu ya ule mkono na kuingia. 86 kwa 85. Vijana hudhani nawaonyesha mtupo. Nawaonyesha visigino.

Na wakati huo figo za Elliott zilikuwa zinakufa. Alikuwa akijua anaumwa, wenzake karibu wote hawakujua. Alitangaza baada ya ubingwa, na Agosti akapandikizwa figo ya kaka yake. Machi 2000 alirudi uwanjani, mwanamichezo wa kwanza wa ligi kubwa za Marekani kucheza tena baada ya upandikizaji wa aina hiyo. Naliweka hili hapa makusudi, nitalihitaji.

Upande wa Mashariki, maana NBA ina kanda mbili, Mashariki na Magharibi, New York Knicks waliingia kwenye mtoano wakiwa nafasi ya nane, ya mwisho, ushindi 27 na vipigo 23. Wakakutana na Miami, wa kwanza. Mechi ya tano, sekunde 0.8 kwenye saa, mtupo wa Allan Houston ukagonga ringi, ukagonga ubao, ukaingia. Kisha Atlanta ya Mutombo, 4 kwa 0. Kisha Indiana, na hapo ndipo mshipa wa kisigino wa Patrick Ewing ulipoachia. Rais wa chama, aliyetumia nusu mwaka vikaoni badala ya uwanjani, mwenye miaka 36, akacheza msimu wa kubanwabanwa aliousaini yeye mwenyewe, na mwili ukamkatalia mlangoni mwa fainali. Mechi iliyofuata Knicks walikuwa nyuma 91 kwa 88, Larry Johnson akapiga mtupo wa pointi tatu huku akifanyiwa faulo na Antonio Davis, akaongeza mtupo huru, 92 kwa 91. Pointi nne kwa pigo moja. Hakuna timu ya nafasi ya nane iliyokuwa imewahi kufika fainali kabla ya ile.

Fainali zenyewe hazikuwa na mvuto mwingi. 89 kwa 77, 80 kwa 67, New York wakapata moja 89 kwa 81, kisha 96 kwa 89. Ya tano, New York, 25 Juni, ilikuwa tamu. Ijumaa usiku kwao, alfajiri ya Jumamosi kwetu. Mimi niliiona miezi kadhaa baadaye kwenye kanda ya VHS aliyoileta jamaa mmoja baharia. Sprewell alifunga 35, Duncan 31, wanapokezana kama ngoma mbili. Zimebaki sekunde 47, Spurs wako nyuma kwa pointi moja, mpira unamwangukia Avery Johnson kona ya kushoto. Huyu ndiye mtu mfupi wa timu, aliyekwishaachwa na timu kadhaa, San Antonio ikiwemo, na kila mlinzi wa ligi alikuwa amefundishwa kumwacha apige kutoka mbali kwa sababu hapati. Akapiga. 78 kwa 77. Kanda yangu ikakatika palepale. Kwa miaka mingi nilijua matokeo bila kuwa nimeuona mtupo wa mwisho wa Sprewell ukishindwa.

Sasa kinyota. Aliyelitia neno hilo kwenye vinywa vya watu ni Phil Jackson, aliyesema ubingwa wa 1999 uandikwe na kinyota pembeni, kama alama ya shaka. Jackson alikuwa ameondoka Bulls, mwaka ule alikuwa amepumzika nyumbani, na kiangazi hichohicho akachukua Lakers, timu iliyotoka kuchapwa na Spurs. Mtu akisema maneno ya kumpunguza mpinzani, tazama kwanza amekaa kiti gani.

Na Jordan? Alistaafu 13 Januari 1999, wiki moja baada ya mapatano. Lakini Bulls walikuwa wameshaanza kubomoana wenyewe. Jackson alishaondoka, Pippen akauzwa, Dennis Rodman akaenda Lakers, Kerr kama nilivyosema akaenda Spurs, akapata taji la nne mfululizo akiwa na jezi tofauti. Bulls waliobaki walishinda mechi 13 kati ya 50. Spurs hawakumzuia Jordan asije. Mwulize mwenzako, au jiulize wewe, kama mnamwekea kinyota Olajuwon kwa ubingwa wa 1994, mwaka ambao Jordan alikuwa akicheza besiboli. Na Miami walipochukua ubingwa 2012, baada ya kufungiwa kwingine na msimu wa mechi 66, mbona kimya?

Kuna mahali pawili ninapokubaliana nawe, na nisipopataja nitakuwa nimekupunja. Kwanza, ratiba ilikuwa ya upande mmoja. Kila timu ilikutana na timu tano au sita tu za kanda nyingine, kwa hiyo ile 37 kwa 13 haipimi ligi nzima kama 82 zingeipima. Inapima Magharibi zaidi. Ila Magharibi ndiko kulikokuwa kugumu, na nafasi za mtoano hugawanywa ndani ya kanda, hivyo dosari hii inawahusu watakwimu kuliko bingwa.

Pili ni Elliott. Alicheza msimu ule wote na figo zile. Angeweza kucheza mechi 82, Novemba hadi Aprili, kisha mtoano, na bado awe na pumzi ya kusimama kwa vidole vya miguu tarehe 31 Mei? Sijui, na hakuna anayejua. Hapo, na hapo pekee, ndipo naona kalenda fupi ingeweza kuwa imewabeba Spurs. Hoja hii hukuileta wewe, nimekupa bure.

Kreti ya kwanza unalipa. Ya pili pia unalipa. Ila mwambie mwenzako afungue chupa mbili za mwanzo akupe wewe, kwa sababu ya figo.